Siku Kalinga Alipokataa Kuonja

Kalinga alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, upande wa Tosamaganga, na kama ulitaka kumuudhi, ungemwambia tu kwamba ulanzi wa fulani umeushinda wake. Mvua zikianza, alipotelea katika mianzi yake tangu alfajiri, akikata ncha za machipukizi na kukinga utomvu, kisha akarudi nyumbani ananukia utamu, nyuki wanamfuata. Lakini fahari yake hasa haikuwa kugema. Ilikuwa kuonja. Kwao mtu hapewi kikombe mpaka aliyekimimina apige funda la kwanza mbele ya macho yake, ili mgeni ajue hakuna sumu wala hila. Wengine waligusisha midomo tu. Kalinga alionja kwa moyo wote, akafuta masharubu, ndipo akakukabidhi kikombe kana kwamba anakupa shamba.

Januari ya mwaka 1956 matope yakamchezea. Aliteleza kwenye mianzi, akaangukia kisiki, mtulinga ukavunjika. Hospitalini walimfunga mkono kifuani, na dresa Joachim akampa vidonge vya maumivu katika bahasha ndogo. Kwa kuwa Kalinga hakujua kusoma, Joachim alichora juu yake jua linalochomoza, jua la utosini na jua linalozama.

"Kimoja kimoja, baba, na uwe umekula. Bega likizidi kuuma usiongeze, njoo kwangu. Usimpe mtu mwingine. Vikibaki, virudishe. Na pombe, hata tone!"

"Nimesikia," alisema Kalinga, na kweli alisikia. Shida ni kwamba kichwani mwake kuonja hakukuwa kunywa. Kuonja kulikuwa kazi, kama kuchanja kuni. Kesho yake akameza kidonge cha asubuhi, akaketi barazani na mkono wake mmoja mzima, akawaonjea wateja saba. Kabla ya saa sita alikuwa chali mkekani, mdomo wazi, anapumua kwa mbali mno. Rozalia, mkewe, alimwita, akamtikisa, akammwagia maji. Wapi! Basi akapiga yowe. Majirani walijaa uani, wanawake wakaanza kulia, na walikuwa bado wanalia jioni Kalinga alipofumbua macho na kuuliza nani kafa.

Joachim, aliyeitwa mbio, alikuwa ameketi kando yake tangu mchana, akimlaza ubavu na kusikiliza pumzi. "Umenusurika, baba," alisema. "Siku nyingine sitakukuta." Rozalia alikuwa bado anafuta machozi, na Kalinga aliona aibu iliyomuuma kuliko bega.

Wiki hiyohiyo wakaja wageni kutoka Idodi kumposa binti yake, Juliana, ambaye alimpenda kijana wao na wala hakuficha. Aliyewaongoza ni baba wa kijana, Mzee Jailos, mtu wa kujiheshimu, shavu limevimba kwa jino bovu. Baada ya salamu za "kamwene" nyingi, Kalinga akamimina. Akamnyooshea Jailos kikombe bila kukigusisha mdomoni.

Jailos alikitazama kikombe, kisha akamtazama Kalinga. Mlangoni, Juliana alishika kanga yake kwa mikono miwili.

"Nina dawa ya hospitali mwilini," alisema Kalinga, na akasimulia habari aliyokuwa ameapa haitatoka nje ya ua wake: wateja saba, mkeka, maji, kilio. Rozalia akachukua kikombe, akaonja kwa niaba yake. Jailos alicheka mpaka akashika taya, akanywa. Akanywa cha pili, na cha tatu, maana jino lilikuwa linamchoma na ulanzi ulikuwa mzuri kweli.

Kisha akasema, "Mkwe, hizo dawa zako. Nigawie kimoja, jino linaniua."

Hapo Kalinga alikwama. Kwao mkwe haombi mara mbili. Akitaka kuku, unakamata kuku. Bahasha ilikuwa mfukoni mwa shati, na mkono ulikwenda wenyewe ukaitoa. Akayaona yale majua ya penseli. Akamwona na Rozalia, aliyeacha kumimina na kumkazia macho. Akairudisha bahasha mfukoni.

"Hapana, mkwe."

"Hapana?" Jailos alisimama. "Nimekuja kuomba binti, nanyimwa kidonge!"

"Binti nakupa. Kidonge sikupi. Hiki kimepimwa kwa bega langu, si kwa jino lako, na wewe una vikombe vitatu tumboni. Nilimliza mke wangu kwa ujinga huu. Wako simlizi. Kesho asubuhi nitakupeleka mwenyewe kwa Joachim."

Jailos alihamia upande mwingine wa uwanja, akawapa mgongo. Juliana aliingia ndani kulia. Rozalia alimpelekea mgeni maji ya uvuguvugu yenye chumvi asukutue, naye akayapokea bila asante. Asubuhi wakwe wawili wakashika njia ya hospitali, mmoja mkono kifuani, mwingine kitambaa kwenye taya, hawasemezani. Jino likang'olewa. Wakati wa kurudi Jailos hakuweza kusema kitu kwa pamba iliyojaa mdomoni, ila kwenye matope alimshika Kalinga mkono ule mzima, asije akateleza tena.

Bega lilipona. Vidonge vinne vilivyobaki Kalinga alivirudisha, na Joachim akabaki kuishangaa bahasha, kwani wengi huviweka darini vingoje ugonjwa mwingine.

Juliana aliolewa wiki moja baada ya Pasaka, ulanzi ungali unatiririka. Kalinga, mkono huru, alimimina kikombe cha kwanza cha mkwewe, akakinyanyua apige funda alilolingojea miezi mitatu. Jailos akakichukua mkononi mwake kabla hakijafika mdomoni, akakinywa chote bila kuonjewa, mbele ya ukoo mzima wa Idodi. Kalinga alisimama mikono mitupu, machozi yakimlengalenga, kisha akamimina kingine.