Moyo wa Mbuzi kwa Dada Yangu Mdogo

Kwetu Kibumba, mbuzi akichinjwa, moyo ulikuwa wa baba. Mama aliupasua, akaukamua damu, akauchemsha tangu asubuhi mpaka maji yawe mazito, maana baba alikuwa mgonjwa wa moyo na supu ile ndiyo dawa aliyoijua. Sisi watoto tulinusa tu.

Vita vilipowachukua baba na mama, niliacha shule nikiwa darasa la tano, nikawaleta wadogo zangu watatu mjini, mtaa wa Keshero, kwenye chumba kimoja karibu na shangazi. Hapo wa mwisho, msichana wa miaka minane, akaanza kuishiwa pumzi. Moyo wake ulipiga mbio hata akiwa ameketi. Kituo cha afya kilimpa vidonge. Mimi niliona havitoshi, nikaenda kwa mchinjaji kutafuta moyo wa mbuzi.

"Moyo ni ya muzee wa nyumba," akaniambia. "Papa yako iko wapi?"

"Alikufa. Muzee ni mimi."

Wateja wakaitazama sketi yangu, wakacheka. "Muzee mwenye kuvaa jipe!"

Mchinjaji pia alicheka, lakini aliufunga moyo kwenye jani la mgomba, akanipa.

Shangazi alikuta sufuria kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Mtoto wa kike hali moyo, alisema.

"Ni haki ya mwenye nyumba, Shangazi," nikamjibu, "na mwenye nyumba amempa mutoto."

Alirudisha kifuniko, akaenda zake.

Nilipika kama mama, na chumvi nyingi kama mama. Baada ya siku chache miguu ya mtoto ikavimba, hata kulala chali hakuweza. Nilimbeba mgongoni mpaka kituoni. Muuguzi aliuliza anakula nini. Nilitamani kuficha; nikasema yote.

"Si moyo wa mbuzi, ni chumvi," alisema. "Supu apewe bila chumvi. Na vidonge, usiruke hata siku moja."

Jioni hiyo mdogo wangu alionja, akakunja uso. "Yaya," alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "hii ni maji ya kuosha sahani!"

"Kunywa. Papa alikunywa, hakulalamika."

"Ya Papa ilikuwa na chumvi!"

Alikunywa. Uvimbe ukashuka polepole. Sijui kama supu ilisaidia. Vidonge sikuruka hata siku moja. Mwaka uliofuata alipanda mwenyewe kutoka ziwani tulikochota maji, na kibidoni chake, dumu dogo lililojaa, bila kupumzika njiani. Mimi nilibaki nyuma kidogo kwa makusudi, majirani wamwone yeye kwanza.