Mshale Uliofundishwa Kusema Uongo

Mjomba hakuwahi kumkabidhi mteja ufunguo kabla hajalipandisha gari kilimani mwenyewe. Wateja wenye haraka walimwita Bwana Kilima, wakamtania kwamba hata toroli angelipandisha. Alicheka nao, kisha akapanda. Kwa miaka kumi na tisa aliiendesha gereji hiyo pamoja na baba yangu, mume wa dada yake, na ubao wa mlangoni ulisomeka: Mashemeji.

Daktari mmoja wa meno akaleta gari lake la spoti, jekundu, la viti viwili. Likikimbizwa robo saa tu, mshale wa joto la oili ulipanda hadi kwenye alama nyekundu. Mjomba alibadilisha oili, wapi. Akafungua rejeta ndogo inayopoza oili, akaikuta imeziba kwa tope jeusi. Alisema haioshiki, iagizwe mpya, wiki tatu. Oili ikichemka hivyo huwa nyepesi kama maji, vyuma husagana, injini ikafa.

Siku mbili zilizofuata alilala na homa. Aliporudi, baba alimwambia ameizibua rejeta, gari limepona. Mjomba alimpiga kofi la begani, akasema kweli mwanafunzi amempita mwalimu, maana ufundi wote baba aliupata kwake. Kisha akalipandisha kilimani, mimi nimekaa kando yake.

Mshale ulifika katikati, ukaganda. Akakanyaga mafuta, ukaganda palepale. Harufu ya oili inayoungua ikaingia ndani. Mjomba akageuza gari. Gerejini akafungua boneti na kuufuata waya wa mshale kwa vidole, mpaka akakuta kidude kama punje ya mchele, kilichowekwa kuuzuia mshale usipande. Kilifungwa kwa utepe mweusi ambao ncha yake ilikunjwa, ili fundi atakayefuata aubandue kwa urahisi. Adabu hiyo mjomba aliibuni mwenyewe, na alimfundisha mtu mmoja tu.

“Shemeji,” alisema, “gari halijapoa. Umelifunga mdomo.”

Baba hakukana. Alisema gereji haiendeshwi kwa mahubiri, na mteja mwenyewe ndiye aliyeomba. Sikumwamini. Gereji ile ndiyo iliyonisomesha hadi chuo, na huko nilijisifu kwa wenzangu kwamba nimelelewa mahali ambapo watu hawadanganyi.

Daktari aliingia wakati huohuo. Mjomba akakitoa kidude, akaunga waya, akawasha swichi mbele yake. Mshale ukaruka moja kwa moja hadi kwenye nyekundu. Daktari aliutazama kama mtu anayetazama saa.

“Rudishia kama ulivyokuta, fundi. Mnunuzi anakuja saa kumi.”

Mjomba alimtazama baba, na baba akajifanya anatafuta spana.

Nilitaka kupiga kelele. Mjomba alichukua kigoda, akaenda kukaa getini. Baba akamfuata, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akimwambia mnunuzi, kesho asije kazini.

“Ulipomtaka dada yangu,” mjomba alisema, “mimi ndiye niliyewaambia wazazi kwamba wewe husemi uongo.”

Baba akarudi ndani. Mchana kutwa mjomba alikaa palepale. Nilimpelekea mjomba maji, akanywa nusu, akanirudishia kikombe, macho yakiwa barabarani.

Saa kumi kasoro alifika kijana mwenye sare ya kazi, anatabasamu hata kabla hajaliona gari. Akamwamkia mjomba shikamoo.

“Marahaba, mwanangu. Usiingie kwanza.”

Akamweleza yote: rejeta, oili, kidude, na nani alikiweka. Hakumtaja kama shemeji yake. Alisema, “fundi wa humu ndani.” Tabasamu la kijana lilikwisha taratibu. Akashukuru, akaondoka.

Nyuma yetu baba alitoka amebeba sanduku la vifaa la mjomba. Alilibeba kwa mikono miwili, polepole, vifaa visigongane, akalitua nje ya geti, upande wa barabara.