Askari wa Kandambili Hawafi

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Mimi ni mtu mzima, natengeneza simu karibu na bandari ya Kalundu, nina ndevu, na mchana wangu wa Jumapili naupitisha mbele ya meza iliyojaa askari wadogo waliokatwa kutoka kandambili zilizotupwa na ziwa. Meza yenyewe haiko kwangu. Iko kwa mama wa rafiki yangu, katika chumba alichokuwa analala rafiki yangu kabla hajavuka kwenda Kigoma.

Ilianza na simu ya mteja. Nilikuwa nimeibadilisha kioo na nilitaka kuona kama picha inatembea vizuri. Ikafunguka video ya wababa wa nchi za mbali, wenye vitambi vyao, wameinamia meza kubwa yenye mji uliobomoka. Juu ya mji kulikuwa na askari wa wakati ujao, wadogo kama kidole, wenye mabega manene na bunduki za ajabu. Wababa wale walikuwa wanarusha dadu, wanapima hatua kwa utepe wa mita, wanabishana kama watu wa sokoni. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, halafu nikamwita rafiki yangu aje acheke na mimi.

Yeye alikuwa mbeba mizigo pale bandarini. Alikuja na unga wa mihogo kwenye nyusi, akatazama video mpaka mwisho. Hakucheka.

“Hii tunaweza,” akasema.

“Tunaweza na nini? Wale wananunua askari ndani ya maboksi!”

“Fundi, weye uko na takataka yote ya Uvira mu hii kibanda, na unaniuliza na nini?”

Ndivyo alivyokuwa. Ukimpa shida, anakutukana kidogo halafu anaimaliza. Wiki ile ile alianza kuniletea yale mabonge meupe mepesi ambayo televisheni mpya hufungiwa ndani ya katoni. Mimi nikatoa simu zilizokufa, zile sahani zao za kijani za ndani, zenye njia ndogo za dhahabu. Ukizisimamisha pembeni ni kuta za mji ambao bado haujajengwa duniani. Mabomba ya sindano kutoka farmasi yakawa minara. Tulisaga tofali tukapata vumbi jekundu la kumwaga chini.

Tuliharibu vitu vingi, usiniulize. Mara ya kwanza tulipaka mabonge meupe gundi ya mafundi viatu, na gundi ikayala yote mbele ya macho yetu, ikaacha mashimo yanayonuka. Mimi nikapiga kelele. Yeye akaruka kwa furaha: “Acha! Acha hivyo! Hapo bomu ilianguka!” Baadaye tukajifunza kugandisha kwa uji mzito wa unga wa muhogo, lakini mende walikula mnara mzima, na mama yake akatuuliza kama sisi tunajenga mji au tunafuga mende.

Askari tuliwakata kwa wembe. Ziwa linatupa kandambili kila siku, za kila rangi, moja moja, sijui zile zingine hubaki wapi. Mwili wa kandambili, kichwa cha ushanga wa nywele, mikono ya waya mwembamba wa mota iliyoungua, na chini kifuniko cha bia kilichojazwa mchanga ili asianguke. Tulikaa kwenye jamvi, tunakata, tunachekana. Nikikumbuka ile sauti ya wembe kwenye mpira, roho inaniuma kweli.

Yeye ndiye aliamua sayari yetu iweje. Mwaka ule maji ya ziwa yalikuwa yamepanda mpaka jikoni kwa mama yake, masufuria yakaelea. “Kwetu hakuna ziwa,” akasema. “Limekauka. Batu wanajenga chini, pale samaki walikuwa wanalala.” Nikamwambia haya, baba, wewe ndiye mungu wa sayari.

Lakini sheria kubwa haikutoka kwake, wala kwangu. Siku tuliyocheza mara ya kwanza nilimpiga askari wake wa mbele, nikapaza sauti: “Nimekuua!” Mama yake alikuwa anachambua maharage uani. Aliingia na ungo mkononi.

“Ile neno haitasemwa mu nyumba yangu,” akasema. “Minye nimezika batu ya kutosha. Muchezee, lakini hapa hakuna kuua muntu, hata wa kandambili.”

Halafu rafiki yangu akachukua kopo tupu la sardini, akaliweka ukingoni mwa meza.

“Basi, mama, hawafi. Wanavuka tu. Hii ni boti yao.”

Nikamuuliza boti ya nini kwenye sayari isiyo na maji. Akanijibu kwamba inaruka, na kwamba niache ujinga. Mama akatazama kopo, akatazama askari, akarudi kwa maharage yake. Huku kwetu kila mtu amewahi kuvuka ziwa akikimbia vita, au amesindikiza mtu. Kukitulia, watu wanarudi na magodoro yao kichwani.

Basi ikawa hivyo. Ukipigwa, unaingia kwenye kopo. Ili urudi, mwenye askari lazima arushe dadu kwa mkono wake mwenyewe apate sita. Kapteni, kwa sababu ni mkubwa na anakaa nyuma ya boti, anahitaji sita mbili za kufuatana. Na mtu hagusi askari wa mwenzake. Dadu tulichonga mbili kutoka mfupa mmoja wa ng'ombe, moja yake, moja yangu.

Kapteni wake alikuwa wa bluu. Alimkata kutoka kisigino cha kandambili ya mama yake, bila kuomba. Mama akaigundua asubuhi alipotaka kwenda kanisani. Yayaya, siku ile tulisikia! Alitembea wiki nzima na kandambili yenye pengo, kwa makusudi, akipita mbele yetu polepole ili tuone.

Na lazima niseme, rafiki yangu alikuwa mwizi. Mwizi wa mchezo, nasema. Tulikuwa tunapima hatua kwa njiti ya kiberiti, na yeye alitafuta viberiti vyenye njiti ndefu. Dadu alikuwa anaifunika kwa kiganja, anachungulia peke yake, anaimba “Sitaaa!” na kuiokota kabla sijaona. “Muizi weye!” nilikuwa namwambia, na yeye anacheka mpaka analala chini. Nilikuwa nakasirika kabisa. Leo ningelipa aniibie hata mara moja tu.

Siku ya mwisho tulicheza mchana. Askari wangu mmoja, niliyemtengeneza kwa skrubu za simu, alimpiga kapteni wa bluu, na rafiki yangu akamtia mwenyewe kwenye kopo kwa heshima zote. Kabla hajarusha dadu tulisikia watu wanakimbia njiani, na milio kutoka upande wa Luvungi, kule barabara inakotokea. Mama alikataa kuondoka. Alisema miguu yake imechoka kukimbia. Lakini alimsukuma mwanawe atoke, kwa sababu vijana ndio walikuwa wanatafutwa na wenye bunduki. Mimi nilijificha kwa shangazi yangu mlimani. Yeye aliwajua wenye maboti, akapanda la usiku ule. Alikuwa na suruali aliyovaa na dadu yake mfukoni.

“Usiguse kitu,” aliniambia. “Ni zamu yangu.”

Kukatulia. Wengine wakarudi na magodoro yao. Yeye alikuwa tayari ameandikishwa kambini, kule Tanzania, na njia ikawa ngumu, halafu makaratasi, halafu ugonjwa, halafu tena vita. Maji yalipopanda mara ya pili, mama aliniita nikaja mbio nikidhani tutaokoa kitanda. Akaniambia, “Meza kwanza.” Tuliibeba taratibu mpaka kwa jirani wa juu, ikakaa huko mpaka maji yakashuka, hakuna askari aliyeanguka. Godoro lililowa.

Ndipo tukaanza ile ya Jumapili. Baada ya kanisa naenda kwa mama, naweka simu juu ya meza, spika wazi ili tusikie wote. Mtandao ukikubali, anatusalimia, anamuuliza mama habari za magoti, ananitukana kidogo, halafu anarusha dadu yake juu ya sufuria iliyogeuzwa. Tunaisikia: ko-ko-ko. Mimi na mama tunainama.

“Tatu,” anasema. Wiki nyingine: “Moja.” Siku moja ilikuwa sita, na mama akashika mkono wangu mpaka nikaumia. Akarusha tena. Ko-ko-ko. “Nne.”

Hapo hasira ikanipanda. “Sema sita!” nikamfokea. “Miaka yote umeniibia, leo umekuwa mtakatifu? Nani anakuona? Sema sita, kapteni atoke, mambo yaishe!”

Nilisikia watoto wa kambini wanacheza nyuma yake.

“Fundi,” akasema, “hii ya kurudi sitaki kuiiba.”

Mama aliinuka akaenda kunitengenezea chai, na tangu siku ile sikumfokea tena. Nilianza kuingoja Jumapili vibaya. Nikiwa kibandani naunga waya za simu za watu, naliona lile kopo la sardini akilini. Nilikuwa na hamu naye mpaka nilimchukia kidogo.

Halafu ikaja Jumapili moja. Sauti yake ilikuwa safi, kama mtu aliye hapa karibu, Kiringye tu, anakuja na pikipiki. Alimsalimu mama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akamuuliza hata habari za kuku. Kisha akarusha. Ko-ko-ko.

“Sita.”

Mama alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili. Tukangoja.

“Sita,” akasema tena.

Mama wee! Niliruka, nikapiga kichwa kwenye mbao za mlango, nikapiga makofi. Nilikuwa nacheka na kulia, nasema amerudi, kapteni amerudi, mwizi amerudi. Mama hakusogea. Alikuwa anaitazama ile simu.

“Papa,” akaniambia, maana ndivyo mama zetu wanavyotuita vijana wao, “ile ya pili, dadu haikulia.”

Nikasimama. Kweli. Sikuwa nimesikia kitu.

Mama akainamia simu. Hakumuuliza kama amedanganya. “Safari iko lini?” akamuuliza.

Mimi nikaomba mtandao ukatike.

“Wiki ijayo, mama. Wanatupeleka mu inchi ya baridi, kuishi kule. Mbali.” Nikasikia anaondoa sufuria. “Sikutaka kuondoka nikimwacha mu kopo.”

Mama akasema ni vizuri. Alisema hivyo mara nyingi: ni vizuri, mwanangu, ni vizuri, vaa nguo nzito, usisahau kusali. Mimi nilimwambia kwamba yeye ni mwizi mpaka mwisho, na akacheka kidogo, na simu ikakatika yenyewe.

Nilinyoosha mkono kwenye kopo, halafu nikaurudisha. Sheria ni sheria, na sikujua nani sasa angemtoa. Mama aliniona.

“Ondoka hapo,” akasema. “Huyu ni kandambili yangu. Minye naruhusiwa.”

Akamchukua kapteni wa bluu kwa vidole viwili, akamfuta vumbi kwa pindo la kitenge chake, akamsimamisha mahali aliposimama siku ile, kati ya mashimo ya gundi, uso umetazama mlango. Kisha akalitoa kopo mezani, akaenda nalo jikoni kuliosha.

Kwa hiyo boti haina mtu sasa. Askari wote wako mezani, wake na wangu. Mama anapangusa vumbi kandokando bila kuwagusa, na Jumapili mimi nakuja, nakaa upande wangu. Siwezi kusogeza hata mmoja. Ni zamu yake.