Mkono wa Neema Haukuchanjwa na Mganga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka mwili unanisisimka. Nilikuwa msichana, tunachuma zabibu Hombolo, jua la kuunguza, na Neema, binti wa mama yangu mdogo, amevaa sweta. Nikamtania, "We Neema, baridi ya wapi hiyo?" Nikauvuta mkono wa sweta kwa mchezo.

Masikini! Mkono mzima alama, nyingine kavu, nyingine mbichi.

Kwetu alama za namna hiyo zilikuwa na maana moja tu: chale za mganga. Mama mdogo, mwanakwaya wa kanisani, akafoka mbele ya wachumaji wote, "Nani kakuchanja? Umempelekea mganga jina la nani?" Wanawake wakaanza kukemea mapepo. Mimi nami niliamini kabisa.

Neema akasema taratibu, "Hakuna mganga, mama. Ni mimi mwenyewe."

Uchawi tungeuelewa, lakini hili? Tena Neema, mcheshi wetu! Mama mdogo akanyanyua mkono ampige, bibi yetu, aliyekuwa akichuma nasi, akaudaka.

"Ukimpiga leo, kesho atajificha usimwone tena."

Akamfunika Neema khanga, akamtoa pale, wakaketi pembeni. Nilikuwa nyuma yao, nikamsikia bibi akimwuliza: "Inauma wapi, mjukuu wangu?" Neema akatazama mkono wake. "Siulizi hapo," bibi akasema. Ndipo Neema akalia. Tangu baba yake afariki kila mtu alimwambia ajikaze, na uchungu ukimjaa hujiumiza, anatulia kidogo, kisha aibu inamla. Bibi alimpeleka hospitali, vidonda vikatibiwa, akapata na wa kuzungumza naye. Neema alirudia kujiumiza baadaye, na bibi hakumsimanga.

Basi mwanangu, ukigundua mwenzako anajiumiza, usimwumbue kama nilivyofanya mimi. Usiseme anajidekeza, wala usimwapishe kwamba hatarudia. Mwulize mkiwa wawili, umsikilize, kisha umsindikize kwa wataalamu. Akitaja kufa, usimwache peke yake. Ita mtu mzima saa hiyo hiyo, hata kama alikuomba utunze siri.

Na kama mkono wenye alama ni wako wewe unayenisikiliza, njoo kwangu, mwanangu. Sitafoka, wala sitakuuliza mbele za watu. Mungu akutunze hadi ufike mlangoni pangu, na mimi anijalie nikufungulie.