Sauti Iliyobaki Nansio

Juzi nilialikwa harusini Butimba, nikakaa karibu na mlango kama ninavyopenda, sahani ya pilau mapajani. Kijana wa muziki akachomeka waya vibaya, spika ikatoa ule mlio mkali unaokwaruza meno. Watu wote wakaziba masikio. Mimi nilitabasamu kwanza, halafu pilau ikanishinda. Maana mlio kama ule, rafiki yangu, ndio ulioutangazia mtaa kila jioni kwamba bendi yetu imewasha mitambo. Ngoja nikusimulie, kwa sababu kuna jambo la bendi ile ambalo mpaka leo sijui niliweke wapi.

Tulikuwa wanne, wote wa sekondari, na tulipiga roki katika mji uliotaka bongo fleva siku za kazi na kwaya siku ya Jumapili. Mimi nilipiga ngoma. Mpiga gitaa alikuwa kijana wa Kihindi, ambaye babu yake na baba yake waliuza nyavu na kamba za uvuvi mjini. Gitaa lenyewe aliletewa na mjomba wake kutoka ng'ambo. Mpiga besi alikuwa Msukuma wa Igoma, mrefu, mpole, aliyejifunzia kanisani, na hakukubali tuanze onyesho lolote kabla hajasali. Mwimbaji alikuwa msichana wa darasani kwangu, mwembamba, mkimya, ambaye ukimwuliza jambo alikujibu kwa mabega. Lakini akishika kipaza sauti, lo! Sauti ile ilikuwa na mchanga ndani yake. Ilianzia chini, kama ya mtu anayejisemesha peke yake, halafu ikapasuka, nawe ukajikuta umeacha ulichokuwa unafanya.

Tulifanyia mazoezi kwenye banda la kuku la mwalimu mmoja mstaafu wa muziki, jirani yetu. Kuku walikuwa wamekufa kwa kideri, na mwalimu alisema afadhali makelele yetu kuliko ukimya ule. Harufu ya kuku haikuisha. Tulipasikia mahali pale kwa pua kabla ya masikio: pumba, mavi makavu, na vumbi lililotimka kila nilipopiga ngoma kubwa. Mke wa mwalimu alituletea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga kwenye ungo, tukala kwa mikono yenye jasho. Bibi yangu, siku nilipomweleza kwamba roki maana yake ni jiwe, alitazama kile kilima cha mawe nyuma ya nyumba yetu akasema, "Mawe yote haya hayawatoshi, mmeenda kutafuta na muziki wa mawe?"

Maonyesho yetu usiniulize sana. Kwenye mahafali ya shule fulani tulifika katikati ya wimbo wa kwanza, mshereheshaji akasimama: "Asanteni, asanteni sana vijana, sasa tumpishe mgeni rasmi." Pale tulipopapenda kuliko pote ni Kigongo, ambako magari yalipanga foleni kusubiri kivuko. Muuza soda mmoja alituazima jenereta yake, nasi tukapiga kando ya foleni, mbele ya watu wasioweza kuondoka. Madereva wa malori walishuka, wakaegemea matairi, wakatusikiliza huku wakimenya mayai ya kuchemsha. Wengine walicheka. Lakini akiingia mwimbaji wetu, mayai yalibaki mkononi. Sasa hivi pale pana daraja. Magari yanapita moja kwa moja, hakuna anayemsubiri mtu.

Jambo moja nililiona mapema bila kulielewa. Nyumbani kwao mwimbaji hapakuwa na redio. Baba yake alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa watu, lakini hakuvumilia wimbo ndani ya nyumba. Hata mama wa kambo akianza kuimba taratibu wakati wa kufua, baba alitoka nje, akaenda kusimama barabarani. Kwa hiyo binti hakuimba kwao kamwe. Aliimba bandani kwetu tu. Baba alijua ana bendi, ila hakuwahi kuja kutusikiliza.

Ndipo baba yake mpiga gitaa akatutafutia kazi. Mteja wake wa Nansio, kule kisiwani Ukerewe, alikuwa anafungua duka la nyavu na alitaka muziki wa kukusanya watu. Tulirukaruka kwa furaha. Safari ya meli! Mwalimu akakubali kutusindikiza, na jioni akanichukua mimi twende kumwombea ruhusa mwimbaji.

Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya jokofu lililofunguliwa tumbo. Alisikiliza mpaka aliposikia neno Nansio. Akaweka bisibisi chini.

"Popote, mwalimu," alisema. "Musoma, Bukoba, popote. Ila siyo huko."

"Tutalala siku moja tu, ndugu yangu. Nitakuwa nao mwenyewe."

Baba akachukua tambara, akajifuta mikono. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, na nadhani ni mara ya kwanza kumwona akimtazama baba yake usoni bila kuinamisha macho.

"Baba, naomba."

"Basi nenda," alisema mwishowe. "Lakini ukifika, usimwambie mtu yeyote wewe ni mtoto wa nani. Umenisikia? Mtu yeyote."

"Sawa, baba."

Kwenye meli tulikaa juu, kati ya magodoro, masufuria na kuku wa watu. Nilimwuliza yale maneno ya baba yake yalikuwa na maana gani. Akanipa yale mabega yake. Kisha akasema, "Hata ningetaka kusema, ningesema nini? Mama alikufa nikiwa sijaanza kutembea. Najua hilo tu. Hata picha yake hatuna."

Nansio ilitupokea kwa harufu ya machungwa na dagaa waliotandazwa juani. Tulikula ugali wa muhogo na sato kwa mama mmoja karibu na soko, tukawaamkia wakubwa, "Shikamoo," "Marahaba," na mwimbaji wetu hakumwambia mtu yeyote yeye ni mtoto wa nani. Alitii. Nataka ulijue hilo.

Alasiri tukapanga vyombo kwenye baraza la duka jipya. Watu walikuja wengi, wakasimama wamekunja mikono, kama wanaosikiliza kesi ya mtu mwingine. Watoto waliiga kichwa changu kinavyotikisika. Tukapiga wimbo wa kwanza, wa pili. Katikati ya wa tatu umeme ukakatika. Gitaa likafa, besi ikafa, kipaza sauti kikafa. Ikabaki ngoma yangu peke yake, na mimi nilikuwa karibu kuacha, nilipoona mwimbaji ameweka kipaza chini na anaendelea. Akanipa ishara ya mkono: taratibu. Wimbo ulikuwa wake mwenyewe, alioutunga bandani kwetu, unaohusu mtu anayeita ng'ambo ya maji. Bila mitambo sauti yake haikupungua. Ilitoka nzima, na mchanga wake wote, ikaenda mpaka sokoni.

Kwanza nilimwona mwanamke mmoja aliyekuwa anapima dagaa. Kopo likamponyoka. Halafu mwingine, mtu mzima, akasogea mbele, amejishika kifua.

"Leokadia?" alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini wa pembeni yake aliligeuza lile jina kuwa kilio, na wa nyuma wakalipokea. Akina mama wa makamo waliacha biashara zao wakaja barazani wanatembea polepole, huku wananong'ona: Leokadia, ni sauti ya Leokadia. Vijana hawakuelewa, walicheka, wakachapwa makofi. Msichana mmoja alitumwa mbio kwenda kumwita mtu. Mwimbaji wetu aliona yote haya na hakuacha kuimba. Nafikiri hakuweza.

Aliyeitwa alikuwa bibi mrefu, kitenge kiunoni, mikono bado ina unga wa muhogo. Watu wakampisha. Alifika mbele ya baraza, akamtazama mwimbaji mara moja tu, halafu akafanya jambo ambalo sijaona mtu akilifanya tena: aligeuka, akatupa mgongo. Akasimama hivyo, anatazama barabara.

Wimbo ulipoisha, mwimbaji akasema kwa kigugumizi, "Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. "Imba tena," alisema, bado ametupa mgongo. "Sitaki kukuona. Imba."

Nikapiga, akaimba. Nilikuwa napiga huku meno yanagongana, na jua lilikuwa kali.

Baadaye yule mama wa dagaa ndiye aliyetueleza. Leokadia alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya parokia; watu walivuka kutoka visiwa vidogo kuja misa kwa ajili yake. Aliugua, akafa kijana. Siku ya maziko upande wake ulitaka wabaki na mtoto, mume akakataa, pakawa na maneno makali juu ya kaburi bichi. Kesho yake alfajiri mume alipanda mtumbwi na mtoto ndani ya kanga, asirudi tena. "Mama yake huyu," alisema, akimwonyesha bibi kwa kidevu, "halali. Miaka yote hii anatembea uani mpaka kunakucha."

Tulilala kwa bibi. Walitupikia samaki, wakatutandikia mikeka. Mwimbaji aliingizwa chumba cha ndani. Nilisikia akiimba kwa sauti ya chini, wimbo wetu wa roki ukiwa umevuliwa makelele yote, ukabaki kama bembelezo. Kisha kimya. Asubuhi majirani walikuja kuchungulia uani kama watu waliosikia habari ya muujiza: bibi alikuwa bado amelala.

Tulipofunga ngoma kwa kamba, mwimbaji alitoka amevaa gauni la kijani la mtindo wa zamani, lililomkaa sawasawa.

"Nyie tangulieni," aliniambia. "Nitakuja kesho na meli ya asubuhi."

"Gauni la nani hilo?"

"Unajua la nani."

Nilimshika mkono, nikamvuta pembeni. "Wewe si yeye," nilimwambia. "Na bibi anajua wewe si yeye."

"Anajua. Lakini nikiimba, analala." Akalipapasa gauni kifuani. "Na mimi pia. Maisha yangu yote nilikuwa sijui kama nafanana na mtu."

Mwalimu alimsihi, hakufaulu. Meli iliondoka, tukamwona gatini amesimama na bibi. Bibi hakuwa amempa mgongo sasa. Alikuwa amemshika kiwiko, kwa nguvu, kama unavyoshika kitu kwenye soko lenye wezi.

Kesho hakuja. Wala wiki ile. Baba yake akafunga karakana akavuka kwenda kumchukua, mara ya kwanza tangu maziko. Akarudi peke yake. Siku hiyo alikuja bandani kwetu, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Alikaa juu ya ndoo, akauliza kama tuna chochote tulichorekodi. Mpiga gitaa alikuwa na mazoezi yetu kwenye simu. Baba aliichukua akatoka nje, akasimama karibu na ukuta, simu sikioni kana kwamba anaongea na mtu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliporudi kumpa mwenyewe simu yake, uso ulikuwa umelowa na hakuufuta.

"Nilimkataza kusema," alituambia. "Sikufikiria kumkataza kuimba."

Bendi haikufa siku ile, ila haikupona. Tulijaribu mwimbaji mwingine, binti mzuri tu, aliyeimba sawasawa, na kosa lake likawa hilo. Mpiga gitaa akapelekwa kusoma ng'ambo, na ile simu akaiangusha ziwani siku ya safari, akanipigia kwa simu ya baba yake akilia. Mpiga besi alirudi kanisani, na mpaka leo yuko huko. Mwalimu tulimzika. Banda likabomolewa, pamejengwa vyumba vya kupangisha.

Mwaka huu kazi ilinipeleka Nansio. Sikumtafuta siku ya kwanza; niliogopa, sijui nini. Siku ya pili nilimkuta sokoni anauza vitenge, amenenepa, mtoto mgongoni. Tulikumbatiana mpaka mtoto akalalamika. Wateja waliopita walimwita Leokadia, naye aliitika bila kushtuka, kama mtu anavyoitika jina lake. Alinipeleka nyumbani, akanipikia. Bibi alikuwa amekwisha fariki zamani. Baba alikuja kwenye msiba, wakapatana wote, na sasa huja kila Krismasi. Unaona, mambo yaliisha vizuri. Hakuna aliyeibiwa. Nilijiambia hivyo mara nyingi wakati nakula.

"Bado unaimba?" nikamwuliza.

"Kwaya. Mimi ndiye mwimbishaji."

Nikamwomba aniimbie ule wimbo wake wa bandani. Alicheka, akasema amesahau maneno. Nikaanza kumkumbusha, naye akaupokea huku anasuuza vyombo. Ilikuwa sauti nzuri mno, rafiki yangu. Laini, ndefu, safi kama maziwa. Majirani walinyamaza uani kwao ili waisikie. Mimi niliinamisha kichwa, nikatafuta ule mchanga ndani yake, nikautafuta mpaka mwisho wa wimbo. Haukuwepo.

Watu wa Nansio walirudishiwa sauti yao. Nafurahi kwa ajili yao, kweli kabisa. Lakini ya kwetu ilikwenda wapi? Haiko kwenye simu yoyote, haiko kwenye koo lolote, na waliowahi kuisikia ni sisi wachache na madereva wa malori waliokwisha pita. Ningemwuliza mwenyewe, lakini ungemwuliza vipi mtu mwenye furaha, yule msichana mwenye mabega amezikwa wapi?

Wakati wa kurudi nilisimama peke yangu nyuma ya meli, kisiwa kikizama polepole. Mikono yangu ilikuwa kwenye chuma cha ukingo. Sikuiamuru. Nilishtukia tu inapiga, taratibu, mwanzo wa wimbo ule, nikafika mahali anapoingia, nikanyamaza, nikasubiri. Injini ilinguruma. Nikarudia tena kutoka mwanzo.