Theluji ya Mke Mwenzangu

Ulikuwa mwaka wa sadini. Watu tuliokuwa Durban miaka ile, ukitutajia mwaka wa sadini hatukuulizi ulikuwa wa ngapi. Bahari ya kusini ilipoa, samaki wakaja mpaka ufukweni, watu wakawazoa kwa makapu, kwa ndoo, wanawake wengine kwa sketi walizovaa. Pale stendi ya teksi Isipingo, nilipokuwa nauza mandazi na vitenge, tulikula sadini asubuhi, tukala mchana, tukala tena tukirudi nyumbani. Mimi mtu wa Ujiji nikazianika juu ya bati nikidhani zitakauka kama dagaa wetu. Zikavuja mafuta, zikanuka, mwenye nyumba akaniambia nizifukie kabla hajanifukia mimi. Paka wa mtaa ule walikuwa wanapita kando ya samaki kama watu waliotoka harusini.

Mwaka huo mume wangu alikuwa na miaka mitano.

Nasema mume wangu, na kwetu kila mtu ananielewa: ni mtoto wa kiume wa binti yangu. Bibi humwita mjukuu wake mume, na mjukuu humwita bibi mke wangu, akipewa andazi anaambiwa shukuru, umelishwa na mkeo. Ni utani tuliozaliwa tukaukuta. Na mtoto akiwa na bibi wawili, basi hao wawili ni wake wenza, na wanataniana hivyo mpaka kaburini.

Mimi nilikuwa mke mkubwa. Mama yake alikuwa anasuka watu nywele mjini kutwa nzima, baba yake anapakua makontena bandarini, nani amlee? Nilimlea mimi. Alilala kitandani kwangu, visigino vyake tumboni kwangu. Meno yake ya kwanza aliyajaribu kwenye kidole changu hiki. Alikuwa mtoto mzuri kuliko watoto wote wa Isipingo, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu, wengine walikuwa wanasema wenyewe nikiwauliza.

Mke mdogo alikaa Queensburgh, upande mwingine wa mji. Binti yangu aliolewa na Mkongo, Mkristo, na hilo nilikuwa nimeshalimeza. Lakini mama wa yule mkwe wangu sikuwahi kummeza. Alitoka Bukavu, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo huko kwao, na sasa alikaa kwa mwanawe mkubwa kwenye nyumba yenye majani mbele na televisheni ndani. Alikuwa mrefu. Alikuwa na mwanya. Alikuwa na koti la sufu lililofika kwenye vifundo vya miguu, na alitembea ndani yake kama mtu anayesindikizwa. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Yeye alikuwa anamwimbia mtoto nyimbo za Kifaransa. Mtoto akirudi kutoka kwake ananukia mafuta yake ya uso, na mimi nilikuwa namwogesha kabla hajala.

Ikafika likizo ya baridi, shule zikafungwa. Redio ikatangaza theluji imeanguka kwenye milima ya Drakensberg, na watu wa pwani, ambao barafu wanaijua kwenye jokofu tu, wakapata wazimu. Kila mwenye gari akataka kupanda kwenda kuitazama. Akina mama wa kanisa lake mke mwenzangu nao wakakodi teksi, zile basi ndogo za kule. Akaja mwenyewe mpaka stendi, koti na yote, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mbanda," akaniambia, maana kwao Kongo mke mwenza ndiyo mbanda, "nimekuja kukopa bwana."

Wanawake wa stendi wakacheka. Nikamwambia bwana ana kikohozi. Bwana mwenyewe alikuwa pale pale anarukaruka juu ya kreti, kifua kizima kama ngoma mpya.

"Iko theluji ku milima," akasema. "Mutoto aone. Siku moja tu."

Nikasema ataenda, na mimi naenda. Mrundi mmoja aliyekuwa anauza vitunguu jirani yangu akaniuliza, Bibi, mlimani kuna baridi ya kuua, na wewe viatu vyako ni vya turubai, unafuata nini huko? Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: mwenye wivu hafi kwa baridi, moto anao ndani. Nikamwambia auze vitunguu vyake.

Tukatoka Queensburgh alfajiri. Dereva alikuwa mtu wa Durban hasa, bingwa wa kupita taa za barabarani, wao huziita robot, zikiwa nyekundu na kumtukana mwenye haki. Mlima hakuujua. Nilikaa upande mmoja wa mtoto, mke mwenzangu upande wa pili, na mume wetu katikati kama sultani mdogo. Mimi nilibeba chupa yangu ya chai ya tangawizi, yeye chupa yake ya maji ya moto ya kuchanganyia kahawa. Nilibeba blanketi. Yeye alikuwa amemnunulia glavu nyekundu na kofia ya masikio, na mtoto alizivaa tangu Queensburgh, akawa anatokwa jasho na hataki kuvua.

Tulipopanda, nyasi za pembeni zilikuwa zimeganda nyeupe. Malori yalikuwa yanashuka na theluji juu ya paa, tukayakodolea macho kama yametoka mbinguni. Tukakuta polisi wameweka kizuizi. Walimwambia dereva maneno mengi kwa Kizulu na Kiingereza, na tafsiri ilinifikia kupitia kwa nani kama si mke mwenzangu. Tusifike juu barabara inapovukia mlima, tuishie kwenye maegesho ya duka. Kwenye kona ambazo jua halifiki tuende kama tunabeba mayai, maana lami imefunikwa na barafu isiyoonekana, gari likianza kuteleza breki ndiyo inayolimalizia. Na wingu likishuka, nasi tushuke papo hapo, tusingoje kupiga picha. Dereva akasema sharp, sharp, kama mtu aliyekwishajua yote.

Hapo kwenye foleni ya kizuizi ndipo mama mmoja wa kanisa, aliyekaa mbele yetu, aligeuka akamshika mtoto shavu. Akamwuliza kama anafurahi kwamba mwaka ujao ataanza shule Queensburgh na kukaa kwa tate.

Tate ni bibi, kwa maneno yao. Mtoto akasema ndiyo.

Nikamtazama mke mwenzangu. Alitazama dirisha. Nikamwuliza ni maneno gani hayo. Akaniuliza kwa upole, "Binti yako hajakuambia?"

Binti yangu niliyemzaa mimi. Walikuwa wamekaa wakapanga, yeye na mumewe na huyu mwenye koti, na mimi nikawa wa kusikia kwenye teksi, mbele ya kwaya ya kanisa. Nilimvuta mtoto karibu nami, naye akanisukuma kwa kiwiko kwa sababu anataka kuona polisi.

Theluji yenyewe, mimi nitasema kweli, sikuiona vizuri. Nilikuwa namwona mke mwenzangu. Tulisimama kwenye maegesho, ardhi yote nyeupe inaumiza macho, akina mama wanapiga vigelegele na kuanguka na kuinuana. Miguu yangu ililowa pale pale niliposhuka, vidole vikafa kimoja kimoja. Mtoto aliokota theluji kwa glavu zake nyekundu, akaibeba kwa mikono miwili kama kifaranga, akapita mbele yangu, akampelekea yeye kwanza. Yeye akainama na koti lake lote, akaionja, akasema voilà, Kifaransa chake kile. Mimi nililetewa iliyobaki, nayo ilikuwa maji.

Wakajenga mtu wa theluji. Mtoto akaja mbio kuniomba kanga yangu niliyojitanda. Nikampa, nani amnyime? Akaenda kumvisha yule mtu wa theluji, akamfunga vizuri kichwani kama ninavyojifunga mimi. Moyo wangu ukalainika, nikasogea nikamwuliza, mume wangu, huyu ni nani? Akasema, "Ni tate."

Nikamvua mtu yule kanga yangu pale pale. Nikasema imelowa.

Wingu lilishuka wakati tunajikusanya. Halikuja kama mvua, inayokupa taarifa. Lilikuja kama mtu anayefunika chungu. Mtu aliyekuwa hatua chache mbele yangu akabaki sauti tu. Upepo ukaleta manyunyu yanayochoma, tukakimbilia teksi, na kioo cha mbele tukakikuta kimefunikwa na barafu kama ganda. Dereva akakwangua kwa kadi, akakwangua kwa kucha. Kisha akawa mtu wa pwani kamili: akaomba maji ya moto.

Chupa zilikuwa mbili. Yangu niliikumbatia, nikasema hii ni chai ya mume wangu, kioo hakinywi chai. Mke mwenzangu akatoa yake, maana alikuwa hivyo, hajui kunyima mbele za watu. Dereva akamwaga. Kioo kililia mlio mmoja mkavu, ufa ukatembea kutoka pembe moja mpaka nyingine taratibu, sote tukiutazama. Dereva alishika kichwa, akasema eish, kwa sauti ndogo kabisa. Mama mmoja akaanza kuomba. Na mimi, wakati wenzangu wanahofia maisha yao, nilikuwa naona raha kwamba maji yalikuwa yake.

Tukashuka hivyo hivyo. Dereva alitoa kichwa dirishani kutafuta mstari wa barabara, na kwenye kila kona akina mama, walioanza kuimba, walikatiza wimbo wao. Mara moja gari liliteleza, nyuma ikataka kuwa mbele; likarudi lenyewe. Nilimshika mtoto mkono wa kulia, mke mwenzangu alimshika wa kushoto, na hakuna aliyelegeza. Halafu tukasimamishwa. Lori lilikuwa limeteleza huko chini na kulala kukatiza barabara, polisi wakasema tungoje mpaka liondolewe, na wasingeweza kusema lini. Dereva akazima injini ili asimalize mafuta.

Baridi ile ilikuwa inaingia kwa chini, kwenye vyuma vya kiti. Mtoto akaanza kutetemeka mpaka meno yakagonga. Nikafungua blanketi langu. Mke mwenzangu akafungua koti lake. Mtoto akatazama huku, akatazama kule, akaingia kwenye koti.

Nikamimina chai. Sasa chai ilikuwa yangu peke yangu, kahawa yake haikuwa na maji. Mtoto akatoa kichwa kotini akanywa kikombe kizima mkononi mwangu, akasema mke wangu, tamu. Nikamtazama mke mwenzangu aone. Aliona. Nikammiminia na yeye kidogo, kwa sababu nimelelewa.

Mtoto akalala hivyo, kichwa kwenye koti la mwenzangu, miguu kwenye mapaja yangu. Nikamvua soksi zilizolowa, nikawa namsugua nyayo. Nje hakukuwa na kitu, weupe mtupu. Akina mama wengine walikuwa wameegemeana wanasinzia. Ndipo aliposema lile alilonileta mlimani kwa ajili yake, kama ni yeye aliyenileta.

"Mbanda, tugawane zamu," akasema. "Siku za masomo akae kwangu, masomo iko karibu na nyumba. Vendredi jioni, ile Ijumaa yenu, ukuje umukamate, akae kwako mpaka dimanche, siku ya kanisa. Si ndiyo kawaida ya wake wenza? Weye Mwislamu unajua hiyo kuliko miye."

Ninaijua. Hilo ndilo asilolijua yeye, kwamba mimi sikuwa mke mwenza wa utani tu. Ujiji nilikuwa mke mwenza wa kweli. Marehemu mume wangu alioa wa pili nikiwa na mimba ya huyu huyu binti, na tuligawana zamu kama sheria inavyotaka, zake na zangu, sawa kwa sawa. Watu walinisifu kwa subira. Lakini niulize mimi zamu inavyokwenda. Kwanza anachelewa jioni moja, kuna mvua. Halafu zamu yako inaangukia siku ana homa, homa anauguzwa alipo. Halafu anakuja, anakula, anatazama mlango. Mwisho unapikia mtu wa zamu na chakula unakila wewe peke yako. Hakuna aliyevunja sheria, na mume huna.

Sikumwambia hayo. Nilimwambia, "Mume wangu simgawi."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisema Isipingo ni mbali na shule nzuri, na stendi si mahali pa mtoto kukua, moshi na matusi. Alisema baba wa mtoto ndiye aliyetaka. Nilikuwa nasugua nyayo zile tu, kushoto, kulia. Vidole vilikuwa vimeanza kupata moto.

Kisha akaniambia kwamba wajukuu wengine, watoto wa binti yake, walipotea njiani wakati wa kukimbia vita, yeye alishika njia moja na wao nyingine, na mpaka leo hakuna mtu aliyewaona. Huyu tu ndiye amebaki wa kumwimbia. Alisema bila kulia. Mkono wake ulikuwa juu ya kofia ya mtoto, umetulia.

"Hata juma moja moja," akasema. "Hata siku mbili, mbanda. Nakuomba."

Nilimwonea huruma. Nikatazama kile kioo chetu chenye ufa mpaka kilipotulia machoni. Miguu ya mtoto nilikuwa nimeifunga kwenye kanga yangu, na niliikaza fundo.

"Mume wangu simgawi."