Safari ya Tatu ya Mafao ya Mama Nyangi

Niliondoka nyumbani Turwa kwa sababu nilikuwa nimechoka kuitwa mwongo. Mama Nyangi, aliyepika miaka mingi katika kambi ya watalii wilayani Serengeti, alifariki akiwa bado kazini, na mwajiri wake alikuwa amenirudisha mara mbili mikono mitupu. Nyumba aliyoianza haijaezekwa, na mama yangu mzazi analala humo chini ya turubai. Nyangi hakunizaa. Hakubahatika kupata mtoto, na kwa desturi yetu Wakurya alitoa ng'ombe akamwoa mama yangu, ili watoto watakaozaliwa wawe wake. Alizaliwa mmoja tu, mimi, Rhobi Nyangi.

Safari ya kwanza nilifanya ujinga. Karani aliponipa fomu mbele ya wageni niliona haya kueleza mambo ya kwetu, nikaandika "shangazi" penye uhusiano. Safari ya pili niliwaeleza ukweli, wakaniita mwongo, eti mwanamke hawezi kuoa, wakaing'ang'ania fomu ile: mafao ya shangazi si yangu.

Safari hii ya tatu, gari dogo lilitoka Tarime saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa na bahasha ya kaki: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na barua ya mahakama ya mwanzo inayonitambua kuwa msimamizi wa mirathi. Barua ya mahakama! Ungedhani inatosha.

Kerende tulisimama kubadilisha tairi. Mahindi ya kando ya barabara yalikuwa meupe kwa vumbi. Dereva aliniuliza ninakwenda wapi na uso ule.

"Mugumu, kudai mafao ya marehemu kwa wenye kambi ya watalii."

"Wale? Utaenda mpaka uote mvi, dada."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Tulipovuka daraja la Mto Mara nilishuka, nikachukua pikipiki hadi Nyansurura kwa Mama Wegesa, aliyepika jiko moja na Nyangi mpaka alipostaafu. Nilimkuta akianika ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Rhobi. Wamekurudisha tena?"

Nikamweleza yote. Akaacha ulezi wake.

"Shangazi? Uliandika shangazi?"

"Niliona aibu, mama."

"Aibu ya nini? Ofisi hiyo hiyo ndiyo ilimkopesha Nyangi akanunua ng'ombe wa mahari! Mimi nilisaini ushahidi. Waambie wafungue faili lake, na usitoke mpaka walifungue."

Alinilisha ugali wa muhogo na maziwa ya mgando, akanisindikiza hadi barabarani huku akiendelea kunigombeza. Alikuwa na haki ya kunigombeza.

Saa nane mchana niliingia ofisini kwao Mugumu. Afisa utumishi, kijana wa rika langu, hakuinua hata macho.

"Dada, tulishamaliza. Wewe mwenyewe uliandika shangazi."

"Fungua faili la Nyangi."

"Faili ni mali ya kampuni."

"Basi leo tutafunga ofisi wote."

Nikaketi. Ilipokaribia saa kumi alilitupa faili mezani, nijionee mwenyewe kwamba humo hamna mtoto.

Nilipekua taratibu. Karatasi ilikuwamo, imegeuka njano: ombi la mkopo. Sababu ya mkopo: mahari ya kuoa mke. Chini palikuwa na sahihi ya Wegesa, na juu yake mhuri wa kampuni: LIMEKUBALIWA.

Kijana aliisoma mara mbili. "Sasa hii..." akaanza.

"Isome kwa sauti," nikamwambia.

Badala yake alinipa fomu mpya. Penye uhusiano niliandika MTOTO, nikakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Akapiga mhuri wa kupokea, akanipa nakala, akasema nisubiri simu.

Kesho yake nilirudi Turwa. Nilimkuta mama yangu akikaza kamba za turubai, kwa sababu wingu lilikuwa limetanda. Nilimwonyesha nakala, akaipangusa kwa kitenge na kuikunja vizuri.

Nimejifunza kutomwonea haya mama yangu Nyangi mbele ya mtu yeyote. Lakini hasira haijanitoka. Mkopo ule waliukata kwenye mshahara wa Nyangi mwezi baada ya mwezi mpaka ukaisha, na hakuna mwezi hata mmoja walipomuuliza kama mwanamke anaweza kuoa.